Siku Nilipopanda Juu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Hii habari huwa siisimulii mke wangu akiwa karibu, kwa sababu yeye huanza kucheka kabla sijafika katikati, anacheka mpaka anashika mbavu, na mimi bado sijafika mahali pa kuicheka. Lakini leo ameenda sokoni, kwa hiyo acheni niitoe mara moja: mimi, mtu mzima mwenye watoto wawili, fundi wa rangi ninayejulikana Kondele yote pale Kisumu, nilionwa na akina mama wa kanisa huko Bondo nikiwa nimevaa boksa na vesti, nimesimama ndani ya tangi la maji ya kunywa la mama mkwe wangu. Na hiyo si sehemu mbaya zaidi.

Mama mkwe tumwite Mama Adhiambo, kwa kuwa Adhiambo ndiye mke wangu. Ni mjane. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Bondo miaka na miaka, akanunua kiploti kando ya barabara inayoshuka ziwani, akajenga polepole, msingi mwaka huu, kuta mwaka ule, mpaka ikafika siku ya mabati. Nyumba hiyo haikujengwa na mwanamume yeyote, si marehemu, si mtoto wa kiume, si mkwe. Ni yeye na omena zake. Nawaambia haya mapema ili mjue nilikuwa nachezea kitu gani.

Sasa mabati yalipopigiliwa tu, mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho, akatafuta fundi wa hapo hapo ampakie rangi ya damu ya mzee. Fundi akapanda kesho yake na ndoo na rola, akapaka, akalipwa, akaenda zake. Ilipendeza kwa muda. Mvua za masika zilipoanza rangi ikaanza kubambuka, na si kidogo kidogo, vipande vizima vinainuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, upepo wa ziwa unavipeperusha hadi kwa majirani, gata za kukinga maji ya mvua zinaziba, kwenye tangi la maji yanaelea mabaki mekundu, na watu wa Bondo (hamwajui hao) wakaanza kuulizana kama nyumba ya Mama Adhiambo imeshikwa na choa.

Mimi nilipotumiwa picha kwa simu nilijua mara moja. Bati jipya hutoka kiwandani limepakwa mafuta fulani usiyoyaona kwa macho, lisiharibike likiwa stoo, na ukipaka rangi juu ya mafuta hayo ujue hujapaka bati, umepaka mafuta. Ama uliache bati lipigwe jua na mvua kwa miezi mingi mpaka lififie, ama ulioshe kwa sabuni, ulipitishe siki likwaruke kidogo, ulisuuze, likauke kabisa, ndipo upake ile rangi ya kwanza ya kijivu ya mabati, na mwisho rangi yenyewe mara mbili. Ukiruka hatua moja bati halikusamehi. Hiyo ndiyo kazi yangu, naifanya hata usingizini, na nilimwambia mke wangu, tena kwa maringo, kwamba amwambie mama yake atulie, mkwe wake yuko.

Mama Adhiambo alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa amewaalika akina mama wa kanisa lake Jumamosi waje kuiombea nyumba, ndipo ahamie rasmi, na akawaambia wote kwamba paa linatengenezwa na mkwe wake kutoka Kisumu, fundi mkubwa, na siku hiyo atakuwepo wamwone. Walikuwa hawajawahi kuniona. Mambo ya mahari tuliyamalizia Alego, kijijini kwao, kwa mjomba wa mke wangu, kabla mama hajahamia huku, na hao akina mama ni majirani wapya. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa siku yangu. Nilikuwa nimeshapiga pasi shati.

Ila kulikuwa na jambo moja, na Wajaluo wenzangu mnalijua tayari. Mkwe hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe. Kumshika mkono hushiki, jikoni kwake huingii, chumba chake hukichungulii, sasa usimame juu ya kichwa chake? Kwao Adhiambo jambo hilo wanalishika sana. Mkwe akipanda, nyumba yenyewe inakuwa na neno, mama haruhusiwi kulala humo mpaka wanawake wakubwa wa ukoo waje kuisafisha kwa dawa za kienyeji, na habari husambaa, na mama ndiye anayebaki na aibu, si wewe uliyepanda.

Ndiyo sababu nilienda na Juma. Juma ni fundi mwenzangu, Mwislamu wa pale Kaloleni, tumepaka pamoja nusu ya Kisumu. Nilipomweleza mila alinitazama tu akasema, "Kwetu hiyo haiko. Wewe kaa chini, mimi nipande." Basi tukakaa hivyo wiki nzima, yeye juu, mimi chini na kijiti kirefu namwonyesha, pale bado, pale rudia, sugua huko pembeni, na yeye ananijibu kwamba kijiti hicho nikimnyooshea tena atakivunja. Alikwaruza rangi yote ya zamani kwa brashi ya waya, akaosha, akapitisha siki mpaka kiwanja chote kikanuka kachumbari, akasuuza (gata tulizing'oa kwanza ili uchafu usiingie tangini), akapaka ya kijivu. Alhamisi damu ya mzee ikaingia mara ya kwanza. Ijumaa asubuhi akaanza mara ya pili, upande wa nyuma unaotazama ziwa akaumaliza, akageukia wa mbele.

Ijumaa adhuhuri Juma akashuka, akaoga nyuma ya ua, akatoa kanzu yake nyeupe kwenye begi, akavaa na kofia, akaenda mjini kuswali. Mama Adhiambo naye alikuwa ameenda sokoni kununua vitu vya wageni. Nyumba imefungwa. Nimebaki peke yangu na kijiti changu, nimevaa suruali nzuri ya kitambaa na shati, kwa sababu ukweni huendi na ovaroli hata kama ni kazi.

Nikatembea mpaka barabarani nikageuka nitazame kazi yetu kama mgeni atakavyoitazama. Ndipo nikaona kipara. Pale juu kabisa, chini ya kofia ya paa, upande wa mbele, Juma alikuwa ameruka kipande cha ukubwa wa sinia, kijivu kinachungulia. Najua angekirudia akirejea. Hata wakati ule nilijua. Lakini mimi nikishaona kipara siwezi kuona kitu kingine, ndivyo nilivyoumbwa, hata kanisani huwa natazama dari badala ya mhubiri. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Halafu nikaanza kujipigia hesabu za wakili: mila inakataza kusimama juu ya kichwa cha mama mkwe, sivyo? Sasa kichwa chake kiko wapi? Kiko sokoni. Mimi nikipanda sasa hivi nikapaka mara mbili nikashuka, nitakuwa nimesimama juu ya kichwa cha nani?

Mtu akianza kujitetea kabla hajakosa, ndugu zangu, ameshakosa.

Tatizo lilikuwa nguo. Ile suruali mke wangu aliinunua kwa ajili ya siku hiyo. Ovaroli ya Juma ilikuwepo, nikaijaribu, ikafika magotini ikakataa (Juma ni mwembamba, na mimi tumbo nimeliwekea akiba). Nikasema kwani nani yuko hapa? Nikavua suruali na shati nikavitundika vizuri kwenye bomba linalotoka tangini kule nyuma na kupita ubavuni mwa nyumba hadi mbele, viatu nikavipanga chini yake, nikapanda ngazi kwa boksa na vesti.

Lile kofi la joto la bati saa ya mchana silisahau. Nikaenda kwa magoti pale palipokuwa bado pakavu, nikapaka kipara, kikapotea, na kusema kweli nilijisikia vizuri sana. Kisha nikaona kingine upande wa kushoto. Nikakipaka hicho pia. Niko huko nasikia tuktuk inasimama getini, na sauti ya Mama Adhiambo ikisema, "Karibuni, karibuni, msiogope matope."

Mama alikuwa amerudi. Na hakuwa peke yake, alikuwa na akina mama wanne wa kanisa, waliokuja mapema kuona mahali pa kuweka viti.

Sikufikiri. Nilivuka kilele nikalala upande wa nyuma, ule wa ziwa, kifudifudi, mikono nimeitandaza. Na upande huo ndio uliopakwa asubuhi, rangi imekauka juu juu tu, chini bado inanata. Nikanata nayo. Jua linanichoma mgongo, bati linanichoma tumbo, na mimi nanong'ona jina la Mungu kama mtu aliyelipwa kufanya hivyo.

Walikuwa wakiongea Kiswahili kwa ajili ya mke wa mchungaji, ambaye ni Mluhya, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Hii paa imekuwa smati," akasema mke wa mchungaji. "Hata ile ya kwanza mtu anaisahau."

"Na fundi wako wapi?" akauliza mwingine, mama mmoja anayeitwa Mama Perez, ambaye nilikuja kujua baadaye kwamba ndiye macho ya kanisa. "Naona ngazi, mtu hakuna. Na hii suruali ni ya nani imetundikwa kwa bomba?"

Nikafumba macho.

"Ni ya fundi," akasema Mama Adhiambo, taratibu tu. "Ameenda kula."

"Ameenda kula bila suruali?"

"Ana ingine."

Nikashusha pumzi. Nikajisemea mama hajajua. Mama Perez akasema ngazi ikisimama hivyo itaangukia watoto wa watu, na nikasikia wawili wakiishika, moja, mbili, wakailaza chini. Hapo ndipo moyo wangu ulipokufa kabisa. Mke wa mchungaji akaomba waingie ndani waone sebule, na Mama Adhiambo akakataa. Alisema ndani hakujafagiliwa. Wakamsihi, akakataa tena, akasema hata yeye mwenyewe leo haingii humo, tukae huku nje mbali kidogo, kuna kivuli cha ukuta wa jirani. Mimi pale juu nilishukuru, nikaona ni bahati. (Akili yangu siku hiyo ilikuwa imeyeyuka. Mwanamke anakataa kuingia nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake, na mimi naita bahati.)

Wakakaa. Wakaongea habari za sufuria na nani ataleta mchele. Nilijaribu kuinua goti moja, bati likalia kwa nguvu.

"Kuna kitu huko juu," akasema Mama Perez.

"Ni mabati yanapanuka na jua," akasema Mama Adhiambo.

Nikainua goti la pili.

"Hiyo sio jua, mama. Hiyo ni kitu iko na uzito."

"Basi tuombe," akasema Mama Adhiambo. "Kabla ya kesho, tuombee hii nyumba saa hii. Fumbeni macho, na mtu asifumbue mpaka niseme amina. Geukeni hivi, tuangalie upande wa barabara."

Na akaanza kuomba, kwa sauti ya kupanda mpaka ziwani. Alishukuru kwa omena, akashukuru kwa ploti, akashukuru kwa kila bati kana kwamba anayajua kwa majina. Mimi nimelala. Akaomba mvua, akaombea wagonjwa. Mimi nimelala. Halafu akaendelea kwa sauti nyingine.

"Baba, wewe unaona walio chini, unaona na walio juu."

"Ndiyo, Bwana," wakajibu.

"Kama kuna mtu amepanda mahali hafai kuwa, Baba, sisi hatumhukumu. Wewe mpe tu miguu ashuke. Ashuke sasa, Baba, wakati macho yetu imefumbwa."

"Ashuke, Bwana."

"Na ngazi ikiwa imelazwa, Baba, wewe hukosi njia. Nyuma ya nyumba kuna tangi."

Nilihisi baridi, pamoja na lile jua lote. Alikuwa amejua tangu aone suruali. Mama mkwe wangu, ambaye hata salamu hunipa akiwa ametazama pembeni, hawezi kuniita, hawezi kunitazama, hawezi kukiri kwamba yuko chini na mimi niko juu, alikuwa ananitoa hapo kupitia kwa Mungu, na mimi nimemchelewesha kwa sababu nilidhani ni maombi.

Nikajibandua. Vesti ilibaki nusu. Nikateleza kwa makalio kuelekea ukingo, polepole, naacha mfereji kwenye rangi ya Juma, na kila bati likilia yeye alipaza sauti zaidi na wao wakapaza zaidi. Tangi lilikuwa hapo kweli, la simiti, limejengwa juu ya msingi wa mawe, kimo chake karibu na ukingo wa paa, limefunikwa na bati kuukuu na mawe juu yake. Nikashusha mguu mmoja. Likashika. Nikashusha wa pili, nikaachilia mikono.

Nimewaeleza habari za bati jipya, sasa niwaeleze za bati kuukuu: lile lililokaa miaka juu ya maji limeliwa kwa chini, juu linakuonyesha uso mzuri tu. Lilikunjika katikati kama chapati. Mimi, mawe, kutu, vyote tukaingia ndani pamoja, na kishindo chake nadhani kilifika Usenge, kule ufukweni.

Maji yalinifika kifuani. Niliposimama na kutoa kichwa nje, akina mama wanne walikuwa wamezunguka nyumba wamesimama mbele yangu, macho wazi, hakuna aliyengoja amina. Nina rangi ya damu ya mzee kuanzia shingoni hadi kwenye magoti (ya magotini waliiona baadaye, niliposaidiwa kutoka). Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Walinitazama tu, na nyuma yao Mama Adhiambo alikuwa amenipa mgongo, leso ameivuta mpaka kwenye paji la uso.

"Huyu ni nani?" akauliza mke wa mchungaji.

Mama Perez akanitazama juu, akatazama suruali kwenye bomba, akatazama paa. Niliona anavyounganisha. "Mama Adhiambo," akasema polepole, "si ulisema ni mkwe wako ndiye anatengeneza hii paa?"

Kila kitu kilikuwa kinaning'inia kwenye jibu hilo. Akisema ndiyo, nyumba imekwisha, kesho wageni wanakuja kuombea nyumba ambayo mwenyewe haruhusiwi kulala, na Bondo yote inajua kwamba mkwe wake alikaa juu ya kichwa chake na nguo za ndani. Nilitaka maji yale yanifunike.

"Huyu ni fundi," akasema Mama Adhiambo, bila kugeuka. "Mkwe wangu alimleta amsaidie. Mimi simjui."

"Simjui," yaani mimi. Nikaitikia haraka, "Ndiyo mama, mimi ni fundi tu."

"Na mkwe mwenyewe yuko wapi?"

Na kabla yeyote hajajibu, geti likafunguka, akaingia Juma. Kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa, ndevu zimechanwa, ametoka kuswali anang'aa kama aliyetumwa. Niliona Mama Adhiambo anamtazama Juma kwa pembe ya jicho, na nikaona kabisa dakika aliyoamua.

"Ndiye huyo amefika," akasema. Na akarudi nyuma hatua chache, akainamisha macho, vile mama mkwe anavyofanya. "Karibu, mkwe wangu."

Juma alisimama. Akanitazama mimi ndani ya tangi. Akautazama ule mfereji kwenye paa lake. Akawatazama akina mama. Juma ni mtu wa mjini, hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Shikamooni, akina mama," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe fundi, nani alikutuma kwa tangi?"

Juma alipewa kiti. Alipewa soda, baridi, ile niliyoiona ikitolewa kwenye mfuko na kujua ni yangu, na baadaye kuku, paja, kwa sababu mkwe hapewi shingo. Mke wa mchungaji alifurahi sana kwamba mkwe ni Mwislamu mwenye heshima na akaahidi kumwombea. Mimi nilitolewa kwa ngazi, nikarudishiwa suruali na Mama Perez kwa ncha ya kijiti changu mwenyewe, nikaambiwa nimwage maji yote nilioshe tangi, kwani ni la kunywa. Nikaliosha. Kutoka humo ndani nilimsikia Juma akielezea habari za siki na mafuta ya kiwandani, maneno yangu yote, mpaka na lile la bati halikusamehi.

Jioni nikampigia mke wangu. Nilisikia kwikwi nikadhani analia, kumbe anacheka, ameweka mto mdomoni.

Sasa Jumamosi hatukuwa na njia ya kurudi nyuma. Watoto tulilazimika kuwaacha Kisumu kwa jirani, maana wangeniita baba mbele za watu. Adhiambo alikaa pale mbele kando ya Juma (mke wa Juma alipigiwa simu kwanza, akasema sawa lakini wasikae karibu sana, na yeye mwenyewe ndiye aliyempigia kanzu pasi), wakapigwa picha, picha ikaingia kwenye kundi la simu la kanisa zima. Mimi nilikuwa getini napokea viti vya kukodi. Nililetewa chakula pale pale pamoja na dereva wa tuktuk, kizuri tu, siwezi kulalamika.

Wakati wa hotuba Mama Adhiambo alisimama akamshukuru mkwe wake. Alisema mkwe wake ni mtu wa kazi, anapenda kitu kiwe sawa, hata kama wakati mwingine kupenda huko kunamshinda nguvu. Watu walimpigia Juma makofi. Lakini yeye alipokuwa anasema hakumtazama Juma, alitazama chini, chini upande wa getini. Nilishika kiti nilichokuwa nacho na nasema ukweli nilitaka kulia.

Nilidhani kwa uongo ule nyumba imepona. Siku kadhaa baadaye ndipo Adhiambo aliponiambia kwamba mama yake hajalala humo hata siku moja. Wageni walipoondoka aliburura godoro lake mpaka jikoni, kale ka udongo, akalala huko kando ya magunia ya omena, na waliomuuliza aliwaambia harufu ya rangi inambana kifua. Watu aliwadanganya, lakini mila hakuidanganya, na alijua ni nani alikuwa juu. Mvua ilinyesha usiku wote wiki ile, nikawa nageuka kitandani Kondele nikiisikiliza juu ya mabati ya landlodi wangu, nikijua mwanamke aliyejijengea nyumba peke yake amelala jikoni kwa ajili ya kipara cha ukubwa wa sinia ambacho hakuna mtu mwingine duniani angekiona. Aibu ya boksa ilipungua siku ile. Ikaja nyingine, na hiyo haikupungua.

Nilitafuta beberu wa kuomba radhi nikampeleka Alego mwenyewe. Shangazi mkubwa wa mke wangu akaja Bondo kimyakimya, na majani yake ndani ya maji, akanyunyiza alipopaswa kunyunyiza, na mama akaingia nyumbani kwake. Mimi hakunisema, si kwa neno wala kwa uso. Aliniletea tu ujumbe kupitia kwa Adhiambo: "Mwambie rangi imeshika. Na tangi lilioshwa vizuri, maji ni matamu."

Kwa hiyo mimi nimeapa. Paa la mtu wa ukweni silipandi, hata kama mwenyewe yuko ng'ambo ya ziwa, na nikiona kipara nageuka nikatazame kuku. Ninyi pia, kichwa cha mkubwa hakipimwi kwa mahali alipoenda.

Bondo bado naenda, na kila nikikutana na Mama Perez barabarani ananisalimia vizuri, "Fundi, habari?" Namjibu nzuri. Halafu ananiuliza, "Na mkwe wa Mama Adhiambo, hajambo?"

"Hajambo," namwambia. "Yuko msikitini."